Majibu Yalikuwa Kwenye Gazeti la Pili

Mimi ndiye niliyechana majibu ya chemshabongo; kaka yangu Deo alichapwa na Baba bure. Nilikana miaka yote, hadi juzi nilipouziwa maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti lenye fumbo kama lile.

Magazeti mapya ya watu binafsi yalifika Sumbawanga kwa basi, ya siku mbili kwa mpigo, yakinuka dizeli na vumbi la Tunduma. Majibu ya fumbo la kwanza yalikuwa kwenye gazeti la pili. Tulishindana kulijaza, na Baba alinishinda kila mara.

“Kichwa panzi wewe!” alinicheka, nami nikaamini.

Alasiri ile nilimfuma akinakili majibu. Alipotoka, nikayachana kwa hasira.

Juzi, na shahada zangu mbili, nikampigia simu.

“Shikamoo, Baba. Ni mimi niliyechana.”

“Marahaba. Nilijua. Ningekuchapa wewe, ungemwambia mama yako kwamba nanakili.”