Redio Tatu, Sauti Nne

Nianze na wale wanaosema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa mzima, nimekula, nimeswali alasiri, na hasira zangu zimekamilika. Anayetaka kunikanusha aje hapa nyumbani, nitamteremsha mpaka kwenye kijito nimwonyeshe niliposimama mie na aliposimama yule niliyemwona. Hajaja hata mmoja. Kunong'ona huko misibani na harusini ndiko wanakoweza.

Haya, sikiliza.

Mume wangu, Baba Salma, ana shamba la mikarafuu bondeni, upande huu wetu wa Kiuyu, hapa Pemba. Unateremka kutoka nyumbani, unavuka kijito, unapanda kidogo, umefika. Msimu ukiwa umepamba moto yeye na wachumaji wake hulala huko huko. Mie nabaki juu, naanika karafuu uani kwenye majamvi, na mama yake, Bi Mize, anakaa barazani kuangalia jinsi ninavyoanika vibaya. Simu bondeni haishiki. Ukitaka mtandao huko upande mti, na kweli mume wangu alikuwa akipanda na simu mfukoni, mpaka siku moja ikamponyoka ikapiga jiwe. Ndipo akasema tununue zile redio za mkononi, za kubonyeza kitufe ukasema, ukiachia ukasikia, kama wanazobeba walinzi wa mahoteli. Sie tunaziita redio koli.

Niamini, kuchagua redio koli na mume wangu ni adhabu. Tulikwenda Chake Chake, duka la Bwana Kanji, Mhindi ambaye hata babu yake kazaliwa hapo hapo Chake na Kipemba chake kinanishinda mie. Bwana Kanji akatupangia redio juu ya meza, akatueleza kwa upole. Mume wangu akashika moja nyembamba kama kipande cha sabuni.

"Hii," akasema. "Imeandikwa inafika mbali. Na ina tochi."

"Bwana, umbali huo wa kwenye boksi ni wa mahali peupe, hakuna mti wala kilima," Bwana Kanji akamwambia. "Weye una vilima na mikarafuu. Ugawe huo umbali, kisha ugawe tena."

"Lakini ina tochi."

Mie nikasema nataka yenye kitufe kikubwa, kwa sababu ya Bi Mize na vidole vyake, tena inayokubali betri za kawaida, maana umeme wetu unajulikana. Bwana Kanji akaniunga mkono. Akatuonyesha na nyengine, ile ambayo unaiwekea namba ya siri ili mwengine asiingie kwenye maongezi yenu. Mume wangu akacheka.

"Nani huko kwetu ana redio koli, Bwana Kanji? Mbuzi?"

Tulizozana mpaka Bwana Kanji akakaa chini akanywa chai yake. Mwisho tukachukua tatu za vitufe vikubwa, bila namba ya siri na, kwa masikitiko ya mume wangu, bila tochi. Moja yake, moja yangu, moja ya Bi Mize, ili nikiwa pwani kwenye mwani wangu naye asikae peke yake kimya. Njia nzima ya kurudi mume wangu alinitajia tochi.

Mwanzo zilitufaa. Usinifikirie kuwa mie ni mtu wa kulaumu vitu. Akitaka maji nampelekea, magunia yakijaa ananiambia. Bi Mize alikuwa akibonyeza kitufe asikiachie, tukisikiliza kukohoa kwake na kuku wake asubuhi nzima, lakini hilo tulilizoea.

Kisha ukaanza ugomvi.

Namwambia, "Baba Salma, majamvi hayatoshi, niletee yale ya huko." Ananijibu, "Sawa, nimesikia, naleta." Namngoja, haji. Nikimuuliza anaapa hakusikia kitu na hakujibu kitu. Naye siku nyengine akaja mbio, kijasho kinamtoka, akakuta karafuu zimerowa uani na mie niko jikoni.

"Si nilikwambia mvua inakuja? Na weye ukanijibu sawa, unaanua!"

"Nimekujibu mie?"

"Kwa mdomo wako!"

"Aka! Mdomo wangu ulikuwa unapuliza moto."

Karafuu zile ziliharibika rangi, na nyumba ikaharibika pamoja nazo. Kila mmoja alimwona mwenziwe mwongo. Hebu fikiri, watu tumeishi pamoja mpaka mtoto wetu kaolewa, sasa tunabishana kama nimesema au sikusema! Bi Mize peke yake ndiye alikuwa na raha.

"Mwanangu siku hizi kalainika," aliniambia. "Namwita, ananijibu papo hapo. Jana tumezungumza mpaka karibu na magharibi."

Nilimuuliza mume wangu. Akasema jana kutwa alikuwa juu ya mti na redio iko chini, ndani ya pakacha. Nikamwona mwongo tena. Ningefanyaje?

Ijumaa moja ikafika, siku ambayo hupanda nyumbani kuswali na kula na sie, hakuja. Ya pili hakuja. Mchumaji mmoja akaja kuchukua mchele, nikamuuliza, akasema bwana mzima, kanyamaza tu. Na mie nikanyamaza. Kama ni kununa, najua kununa.

Siku yenyewe nilikuwa uani nachambua karafuu, natenga makonyo, vile vijiti vyake. Bi Mize yuko barazani, redio yake mapajani. Mawingu yalikuwa yameteremka, alasiri imeingia giza kabla ya wakati wake. Redio yangu ikakwaruza.

"Mama Salma."

Akakohoa kile kikohozi chake kidogo, anachokohoa akitaka kusema jambo zito.

"Nakusikia," nikajibu.

"Mama Salma, nimekuacha. Nenda kwenu."

Basi. Redio ikanyamaza.

Bi Mize kasikia kama nilivyosikia mie. Hilo ndilo nawaambia hao wa homa: na mama mkwe naye alikuwa na homa? Alishika kifua akaniangalia, na mara ya kwanza tangu niolewe sikuona lawama kwenye macho yake.

"Huyo si mwanangu," akasema. "Mwanangu hasemi hivyo."

"Sauti ya nani, Mama?"

Akaigeuza redio yake kifudifudi mapajani.

Mwanamke mwengine angelia. Mie nilifunga kanga kiunoni, nikachukua redio, nikateremka bondeni. Talaka? Kwa redio? Mtu aliyekuja kuniposa na wazee wake wamejaa ukumbi mzima, anaponiacha anashindwa hata kupanda kilima? Nilikuwa nikiyasema hayo kwa sauti njia nzima. Sikuwa na woga hata chembe. Na laiti ningekuwa nao.

Nikamkuta kijitoni. Amesimama upande wa pili, chini ya mikarafuu, na shati lake la kazi na kofia yake. Hana redio mkononi. Nikamwanza kabla sijafika. Nilimwambia yote: majamvi, mvua, Ijumaa mbili, miaka niliyomuuguza mama yake, kila kitu. Anisikilize leo, nasema, kwa sababu kesho nitakuwa kwetu.

Akanisikiliza. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa sababu mume wangu hajawahi kunisikiliza mpaka mwisho.

"Sema basi!" nikamwambia. "Nimekukosa nini?"

"Nimekukosa nini," akasema.

"Unanifuatiza? Mie mtoto mwenzako?"

"Mtoto mwenzako," akasema, kwa sauti ile ile, na kikohozi kile kile.

Nikamtazama vizuri. Mchumaji wa karafuu msimu mzima vidole vyake huwa vyeusi, kucha nyeusi, havitoki hata ukisugua kwa limau. Huyu mikono yake ilikuwa safi. Safi kama ya maiti aliyekwisha oshwa, Mungu anisamehe. Na chini yake majani makavu yametandaa, mjusi akipita utamsikia, lakini yeye alihamia mguu huu, kisha ule, na sikusikia hata jani moja.

Redio ikakwaruza mkononi mwangu.

"Mama Salma. Mama Salma, kama unanisikia, anua karafuu. Mvua hii inakuja kweli."

Mume wangu. Sauti imechoka, na nyuma yake nawasikia wachumaji wanaitana. Na yule wa mbele yangu bado nimemkazia macho, mdomo wake umefumba.

Kisha akaufumbua. Hakubonyeza kitu, hakuwa na kitu. Akajibu, na alijibu kwa sauti yangu. Sauti yangu mie, niliyozaliwa nayo, ikatoka kwenye mdomo ule wenye masharubu ya mume wangu.

"Sawa, nimesikia," akasema. "Naanua. Na weye usirudi. Nshakwambia sikutaki."

Na taa ndogo ya redio yangu iliwaka peke yake, kama mtu kabonyeza kitufe.

 Wallahi kitu kilichonipandisha hasira, sijui nikieleze vipi, ni kuona ndivyo ilivyokuwa siku zote hizo. Majamvi yale! Karafuu zile! Nikabonyeza kitufe kwa vidole vyote.

"Si mie! Baba Salma, si mie huyo! Niko kijitoni, njoo!"

"Si mie," yule akasema kwa sauti yangu. "Njoo."

 Kisha mume wangu akauliza, pole pole:

"Mko wangapi huko?"

Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy, aya ile ya kujikingia. Ninaisoma tangu mtoto, siku ile ilinikatika katikati, nikarudi mwanzo, ikanikatika tena. Yule akanifuatiza maneno ya mwanzo, kisha akakwama. Akajaribu, midomo inacheza, sauti haitoki. Nilipofika mwisho alinitazama kama mgeni aliyefungiwa mlango katika nyumba aliyoizoea. Akageuka, akaingia kwenye mikarafuu. Majani hayakulia.

Mume wangu alifika anahema, redio mkononi na panga mkono wa pili. Nilimkataza asivuke.

"Nionyeshe mikono!"

"Una nini weye?"

"Mikono, Baba Salma!"

Akanyoosha. Myeusi, imepasuka, imejaa utomvu. Hapo ndipo nikalia.

Tulipanda nyumbani redio zimezimwa, mvua inatupiga, karafuu uani zinarowa, na hakuna aliyezijali. Njiani ndipo akaniambia. Kabla ya Ijumaa ile ya kwanza alinisikia kwenye redio nikimwambia simtaki, abaki huko huko na karafuu zake. Akaamini. Kwa hivyo hakuja. Alikuwa akichuma tu, kutwa, amelibeba neno lile kifuani, hakumwambia mtu. Nilimuuliza kwa nini hakuja kuniuliza. Akasema, "Ilikuwa sauti yako."  Na mie si nilikuwa nimekwishafunga kanga kwenda kwetu?

Asubuhi tukaenda kwa Shehe wa msikiti wetu, tukamweleza. Akamuuliza mume wangu kama alitamka. Mume wangu akaapa hakutamka wala hakunuia. Akaniuliza mie kama nilimwona akisema. Nikasema nilisikia tu.

"Basi ndoa yenu iko pale pale," Shehe akasema. "Talaka ni ya mume, si ya sauti."

Nikamuuliza, je, yule alikuwa nani? Shehe akasema hilo mie sina haja nalo, nisome na nifunge mlango magharibi. Nikauliza tena. Akaanza kukasirika, tukaaga.

Wako wanaosema alikuwa kijana fulani na redio yake anatuchezea. Bwana Kanji mwenyewe alisema hivyo tulipozirudisha, na akatukumbusha, kwa adabu, ile yenye namba ya siri. Sawa. Na yule wa kijitoni, aliyeniazima koo langu, alikuwa na namba gani? Bi Mize alikataa katakata kurudisha yake. Akasema huyo aliyekuwa akizungumza naye, awe nani awe nani, alimsikiliza kuliko sie. Ilibidi tumwibie akilala. Mpaka leo hajatusamehe, na sasa kila jioni mume wangu hupanda kutoka bondeni, achoke asichoke, akakaa naye barazani.

Sie tunaishi. Lakini mume wangu akiniita kutoka uani, siitiki. Naacha ninachokifanya, nakwenda nikamtazame kwanza. Majirani wananiona nina kiburi, au nimeanza uziwi. Na kuna jambo ambalo Shehe hakunitibu. Usiku mwengine mume wangu akikohoa kile kikohozi kidogo, akitaka tu kuniomba maji, moyo unanisimama, nangoja neno. Sikuachwa. Lakini nilikwisha kusikia nikiachwa, kwa sauti yake, na masikio hayajui kusahau kwa sababu Shehe kasema.

Kwa hivyo weye unayetaka kununua redio za familia, nunua, sikukatazi. Chukua yenye kitufe kikubwa, usidanganyike na maandishi ya boksi. Ila maji, magunia na mvua ndiyo ya kusemea humo. Likiwa neno la kuvunja moyo, hata likija na sauti ya mama yako mzazi, usilijibu na usiliamini. Vaa viatu, panda kilima, mfuate mwenyewe, na kabla hujafungua mdomo mwambie akuonyeshe mikono.