Goli la Andrea

Jumamosi ikifika, Alois hushuka mapema kutoka shambani, huoga, huvaa jezi yake ya Arsenal iliyopauka mabegani kwa kubeba matenga ya karoti, kisha huenda Bigwa kwa Paskalia kugombana na watu wasiomjua. Watu hao ni marefa wa Uingereza. Yeye anawajua mmoja mmoja: nani ana mkono mwepesi wa kadi, nani anaziogopa timu kubwa, nani aliwanyima Arsenal penalti mwaka ule wa mvua nyingi. Ukimuuliza mkewe alizaliwa mwezi gani, ataanza kukuna kichwa.

Paskalia ana banda la kuonyeshea mpira, mabati juu, mabenchi ya mbao chini, televisheni mbili ukutani. Alois hukaa benchi la mbele, na nafasi yake haikaliwi na mtu hata akichelewa. Refa akisita kuhusu goli la Arsenal, Alois husimama na kuinyooshea kidole televisheni. "Nenda kaangalie. Umewekewa mashine, nenda kaangalie." Refa akienda kwenye skrini na kurudi na jibu baya, Alois husema mashine nayo imeshanunuliwa. Kwake VAR, hiyo mashine ya marudio, ilikuja kumaliza dhuluma, ikaishia kuionyesha dhuluma ile ile polepole. Wengine hupiga kelele kwa raha zao. Yeye anaumia kweli, na siku kama hizo mkewe humtengea chakula na kumwacha nacho peke yake.

Kelele hizo ndizo zilizompa filimbi. Kila mwaka vigango vya parokia yao hushindania mbuzi, na kila mwaka fainali huisha kwa refa kutukanwa ukoo mzima. Safari hii katekista alimfuata Alois shambani. "Mzee, hapa hakuna anayezijua sheria kama wewe. Na upendeleo unauchukia." Alois alikubali katekista akiwa bado anaongea.

Tatizo lilikuwa Andrea. Huyu ni mtoto wa Regina, dada yake Alois, kijana mwenye mke na mtoto, na ndiye mshambuliaji wa kigango cha juu. Kwa Waluguru kama wao, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Shamba analolima Alois ni la ukoo, na siku akiondoka duniani atakayelishika ni mpwa wake Andrea. Kipa wa kigango cha bondeni alikuwa Faraja, mtoto wa Alois wa kumzaa mwenyewe, na hilo halikumsumbua mtu yeyote, maana Faraja ni wa ukoo wa mama yake, watu wa bondeni. Macho yote yalikuwa kwa Andrea. Mpira haujawekwa hata katikati, mashabiki wa bondeni wakaanza: "Leo wa juu wako kumi na wawili. Mjomba naye anacheza."

Maneno yalimwingia. Akajiapiza kwamba leo hakuna wa kumsema. Kipindi cha kwanza alimwonyesha Andrea kadi ya njano kwa kosa ambalo kwa mwingine angelimaliza kwa kutikisa kichwa. Andrea alimtazama, akakimbia zake.

Mechi ikawa inakaribia kuisha bila kwa bila. Andrea akapigiwa pasi ndefu nyuma ya mabeki, akamzunguka Faraja, akatia mpira wavuni. Mshika kibendera wa upande ule alikuwa amegeuka anajibizana na shabiki. Alois mwenyewe alikuwa mbali, anahema, jua likimpiga usoni. Hakuona. Alichopata ni sauti moja kutoka pembeni: "Huyo si ndiye mpwa wake? Atakubali tu."

Akapuliza filimbi na kuinua mkono. Ameotea.

Wachezaji wa juu wakamzunguka. Mmoja wa mashabiki wao alikuwa amerekodi, akamletea simu. "Mzee, angalia kidogo tu." Alois akaisukuma simu. Alisema refa hachezeshi kwa simu za watu, hapa si Ulaya. Ndiyo, ni Alois yule yule aliyesema hivyo. Muda si mrefu bondeni wakapata kona, wakafunga kwa kichwa, wakaondoka na mbuzi wao huku wakimsifu refa kwa haki yake.

Andrea hakulalamika. Asubuhi yake walikutana kwenye mfereji wa kumwagilia. Kijana akageuzia maji kwenye matuta yake, akachukua jembe, akampita mjomba wake bila kumwamkia. Alois alidhani hakumwona. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Mpwa anakuja shambani, anafanya kazi yake, anarudi, shikamoo hakuna. Majirani wa shamba la pili wakaanza kuona.

Regina akapanda mlima kumfuata kaka yake. "Mtoto wangu umemfanya nini?"

"Aliotea."

"Mimi kuotea sikujui. Ninachojua hakuamkii."

Alois alikasirika. Aliwakasirikia watu wa bondeni kwa midomo yao, mshika kibendera kwa upumbavu wake, na Andrea kwa kununa kama mtoto mdogo. Kwani yeye alifanya lipi baya? Alikataa kupendelea. Akipalilia njegere alijitetea kwa sauti, peke yake, kama yuko barazani. Lakini kila alipofika mahali pa kusema kwamba aliona kwa macho yake, alianza utetezi upya.

Jumamosi akashuka kwa Paskalia kama kawaida. Arsenal wakafunga, banda likalipuka, kisha refa akaweka kidole sikioni na kuanza kutembea kuelekea kwenye skrini. Aliangalia, akaangalia tena, akarudi akalifuta goli. Watu wote wakamgeukia Alois, na yeye tayari alikuwa amesimama, kidole juu.

"Yule angalau kaenda kuangalia."

Ilikuwa sauti ya Andrea, kutoka benchi la nyuma. Hakuipandisha. Kila mtu alielewa, maana hadithi ya fainali ilikuwa imeshafika Bigwa nzima. Alois alibaki na kidole chake hewani, akakishusha, akageuka.

"Ile video unayo?"

"Ninayo."

"Nionyeshe."

Andrea akapita katikati ya mabenchi, akampa simu. Alois akaitazama, akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Beki mmoja wa bondeni alikuwa amebaki nyuma ameinama anafunga kamba ya kiatu, yuko karibu na goli kuliko Andrea, tena kwa nafasi ambayo hata mwenye jicho moja angeliiona.

"Goli halali," akasema, kwa sauti ya banda zima kusikia.

"Mbuzi ameshaliwa, mzee," akajibu Paskalia kutoka mlangoni, na wachache wakacheka.

Andrea hakucheka. "Angekuwa Faraja ndiye kafunga, ungekubali."

Alois alikuwa na ya kusema. Kulikuwa na jua, kulikuwa na umbali, kulikuwa na mshika kibendera. Ni visingizio vile vile ambavyo miaka yote hakutaka kuvisikia kutoka kwa refa yeyote wa Uingereza.

"Ningekubali," akasema.

Andrea akaichukua simu, akaifuta kwenye suruali, akaitia mfukoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Alois akajisogeza kwenye benchi, na kijana akakaa pembeni yake. Dakika za mwisho Arsenal wakafungwa kwa penalti, na ubishi wa penalti hiyo ukatoka na watu mpaka barabarani. Andrea alisema ile haikuwa penalti hata kidogo. Alois akasema yeye hakuona vizuri.