Redio na Maji ya Chini ya Barafu

Fundi wetu wa maabara tulimwita Redio kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Kutwa alichuja maji ya bahari yaliyoletwa kutoka chini ya barafu ya ncha ya dunia, barakoa ikining'inia kidevuni, huku akitusimulia jinsi wifi zake wanavyopenda umbea.

Maji hayo yana misimu yake. Jua likirudi, mwani huota chini ya barafu na bakteria huongezeka. Giza likitanda kwa miezi, chakula huadimika na bakteria hubaki wachache. Kwa hiyo chupa za msimu wa giza zilipoonyesha bakteria tele, Redio aliruka kwa furaha, akampigia mumewe: "Baba watoto, tumegundua kitu kikubwa: bakteria wa gizani!"

Kisha majibu ya vinasaba yakaja. Mkuu wa maabara alitusomea: bakteria wale si wa baharini. Wanaishi kwenye mate ya binadamu.

Hakutajwa mtu. Lakini sisi, watu wazima ovyo, tuligeuka wote kumtazama kidevu. Uso ulimshuka. Akaipandisha barakoa taratibu mpaka chini ya macho, akachukua chupa nyingine za giza, akazichuja bila neno. Safari hii bakteria walikuwa wa kutafuta.

Simu yake ikaita mezani. Akaipokea kwa kidole kilicholowa, sauti ya mumewe ikatufikia sote.

"Mama watoto, wifi zako wako hapa, nimeweka spika. Hebu waambie, hao bakteria wametoka wapi?"