Mwanamume wa Mlango wa Soko la Wanawake

Mama alinipigia simu nikiwa kazini Nizwa. "Mtu wetu wa mlangoni kafariki alfajiri, na wameshamzika. Njoo utoe pole." Nikamuuliza nimpe nani pole, maana marehemu hakuwa na mke wala mtoto. "Nipe mimi," akasema, akakata simu. Nikashika njia ya kwetu Ibra. Wasomaji wa safu hii mmezoea kuniona nikihoji kila kitu, kwa hiyo mtanivumilia nikisema kwamba kilichonijia kwanza barabarani hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu. Namwonea wivu maiti, na nimejaribu kujiuliza kwa nini.

Alizaliwa Tabora, akasoma Ulaya enzi ambazo vijana wa kule walitupa tai zao, wakavaa shanga na kuandamana dhidi ya vita. Aliishi nao nyumba moja, kundi zima, wakila dengu na kugawana kila kitu, hata miswaki, kwa maelezo yake. Aliporudi Sharqiyah, mkoa wa asili ya wazee wake Waarabu, nywele zilikuwa zimefika mabegani, naye akitarajia kuzusha ghasia. Akakuta wazee wa Kibedui wana nywele ndefu kuliko zake. "Nilikuja kuwapindua," alikuwa akisema, "wakaniuliza napaka mafuta gani." Wenzake wa enzi zile walinyoa, wakapata vyeo na nyumba za saruji. Yeye alibaki na kandambili, nyumba ya udongo, na imani yake kwamba dunia itapona siku watu watakapoacha kuogopana. Mimi imani hiyo niliisoma chuo kikuu, nikaipasua vipande na kuonyesha udhaifu wake wote. Nilipata alama nzuri sana.

Nilikutana naye nikiwa bado mwanafunzi. Nilisimama Mudhaibi nikitafuta lifti ya kwenda Ibra, kanzu yangu ya dishdasha imepigwa pasi, mfukoni nina makala niliyoandika kuhusu usawa. Pikapu yake ikasimama. Kiti cha mbele alikaa Mbangladeshi mmoja mtunza mashamba, naye akataka kunipisha kwa adabu. Marehemu akamzuia. "Kaa, kaka. Wewe umesimama juani zaidi yake." Kisha akanigeukia mimi: "Bwana mdogo, panda nyuma. Mbuzi hawaumi." Nilipojitia kumweleza habari za makala yangu, akacheka hadi akakohoa. "Basi una bahati! Utaihariri na wasomaji wako hao." Nilifika Ibra nanuka zizi. Makala haikuchapishwa, lakini kisa kile kilienea mji mzima, na kila aliyekisimulia alimpenda yeye.

Mnaojua Ibra mnalijua soko la wanawake la Jumatano, ambalo mwanamume haruhusiwi kuingia. Yeye alitandika mkeka nje ya mlango, akawa analea watoto wa wanaokwenda kununua na kuuza. Wapita njia walimtania: "Mzee, umeajiriwa yaya?" Naye hujibu, "Nimeajiriwa, nyie hamkuwa na sifa." Nilimuuliza kwa nini asidai kina baba wabaki nyumbani na watoto wao, badala ya kukaa pale kama kichekesho. Akaniangalia kwa upole ulioniudhi. "Wewe dai. Mimi nishike huyu, kajikojolea."

Halafu baba yangu akafa. Wazazi wangu walirudi nchi hii ya mababu kutoka Bujumbura, na Kiarabu cha mama hakikuvuka salamu. Baba ndiye aliyekuwa mazungumzo yake. Eda ikaisha, mama hakutoka. Miezi ikapita, kila ninalomwambia jibu ni "sijambo, mwanangu." Mimi ni mtoto wake wa pekee, na nilitaka niwe mimi wa kumtoa mle chumbani kabla hajamfuata baba. Nilimletea daktari. Nilimpeleka mlimani Jabal Akhdar akaone mawaridi, akakaa garini. Nilimsomea na nasaha.

Jumatano moja nikasikia hodi. Nikatoka, nikamkuta bwana yule wa mlangoni, nikamwambia kwamba mama hatoki. "Nani kasema nimekuja kumtoa?" akasema, kisha akapaza sauti kuelekea dirishani. "Bi Mkubwa! Shikamoo! Watoto tele, na mikono ni hii miwili. Nimewaacha na muuza samaki, naye ana samaki wake. Kuna mmoja analia tangu asubuhi, kanishinda."

Ikatoka sauti ya mama, ambayo sikuwa nimeisikia ikiuliza kitu tangu mazishi: "Umempa maji?"

"Nimempa."

"Umemvua viatu?"

Akajikuna kichwa. "Sikumvua."

"Wanaume nyie! Ngojeni nichukue buibui langu."

Tangu siku hiyo mama hakukosa Jumatano. Yeye alikaa ndani ya mlango, marehemu nje, wakipokezana watoto na matusi ya utani. Watu walisema, wakachoka. Mama alirudi akicheka vichekesho vya mtu mwingine, nami nilikaa mezani nikitabasamu kama aliyekunywa siki. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku zote nilidhani mwenyeji hupona kwa kitoweo kilichopikwa kwa ajili ya mgeni.

Nilipofika nyumbani siku ile ya msiba, sebule ilikuwa imejaa wanawake wa sokoni wakimpa mama pole. Walipoondoka nilimuuliza, na najua sauti yangu ilikuwa ya mtoto: "Mimi nilikuletea kila kitu. Kwa nini yeye?"

Mama hakufikiri sana. "Wewe ulitaka nipone, mwanangu. Yule alitaka nimsaidie."

Nimeligeuza neno hilo kila upande, kama nifanyavyo, na sijaona tundu. Sisi tuliosoma hupenda watu kutoka juu. Tunawapelekea dawa na hoja, na kila tunachowapa kinawakumbusha kwamba wao hawana cha kutoa. Bwana yule mwenye kandambili alikwenda kwa mjane kuomba. Wivu wangu haujaisha, na sina hakika nataka uishe, maana ndio unaonisukuma. Jioni ile mama alipoanza kurudi chumbani mapema, nasaha ilishanifika ulimini. Nikaimeza. Nikamwambia ukweli ambao nilikuwa namficha kwa kiburi: kwamba kule Nizwa naishi kwa mikate ya dukani, nimepungua, na sijui hata kupika wali.

Akasimama mlangoni. "Tangu lini?" akauliza kwa ukali, huku anakunja mikono ya gauni. "Njoo jikoni."