Joto la Kwenye Godoro

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, pale Mkuza, mimi na mke wangu tulilala kitanda kimoja bila kukutana humo, isipokuwa siku zake za mapumziko. Yeye ni muuguzi, na alikuwa zamu ya usiku. Mimi kazi yangu naifanyia nyumbani, kwenye kompyuta. Asubuhi aliingia akinukia dawa za hospitali, akanisukuma kwa goti: "Ondoka bwana, zamu yangu." Nilimwachia joto langu kwenye godoro, na jioni nililikuta lake. Nililipenda mno joto lile. Mara nyingine, kati ya usingizi na kuamka, nilihisi naota ndoto alizozisahau kwenye mto.

Mchana nilitengeneza kompaila, programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa amri za prosesa. Prosesa ina vijisanduku vichache vya kushikia namba, tunaviita rejista, na mimi ndiye niliyeamua namba ipi ikae wapi. Mimi ni bahili wa kuzaliwa. Namba mbili zisizohitajika wakati mmoja nilizilaza sanduku moja, kwa zamu, nikajiona fundi. Kumbe prosesa za siku hizi hufanya amri kadhaa kwa mpigo, na yangu ilikuwa ikisimama bure. Namba ya pili ilikuwa tayari, haina shida yoyote na ya kwanza, inangoja tu sanduku liwe wazi. Nilipozipa kila moja mahali pake, zikaenda sambamba, na programu ikaenda mbio. Bosi akafurahi.

Mwezi huohuo mke wangu akahamishiwa zahanati moja huko Vihingo, Kisarawe, zamu ya mchana. Akapanga chumba hukohuko. Sasa sote tulilala usiku kama watu, kila mtu kwake, kila mtu na shughuli zake. Mambo yalikwenda vizuri mno, nami nikaanza kuogopa. Simu zetu zikabaki umekula, nimekula, haya usiku mwema. Alfajiri nilishtuka nikisubiri goti. Godoro lilikuwa baridi upande mzima.

Kazi yangu haiihitaji Mkuza, inahitaji umeme na mtandao tu. Ila nina kiburi, nilitaka aniite yeye. Hakuniita. Ijumaa moja nikajichoka, nikatia kompyuta na nguo kwenye begi, nikaenda bila kumwambia.

Nilimkuta anaanua nguo.

"Umekuja kutembea?"

"Nimehamia."

Akanitazama kidogo, akanipokea begi. Ndani kulikuwa na kitanda kipya cha futi tatu, cha mtu mmoja, kimesukumwa ukutani.

"Mbona umenunua kidogo hivi?" nikamtania.

Hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, nguo zikiwa bado mkononi.

"Nilijua ndiyo basi tena," akasema.