Kilio cha Bi Harusi

Kwetu Gusii, bi harusi aliyelelewa vizuri alitakiwa kukataa usiku wa harusi. Alipigana na bwana harusi, akalia, akang'ang'ania nguzo ya kitanda, na waliosikiliza nje wakamsifu. Kwa hiyo mimi nilipopiga mayowe huko Nyamache, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilisifiwa kweli kweli. Hakuna aliyejua kwamba sikuwa nikifuata mila. Nilikuwa nimeogopa, na mwili wangu ulikuwa umejifunga kama mlango uliokomewa kwa ndani.

Miezi ikapita, mlango haukufunguka. Mume wangu, mwalimu mwenzangu, alikuwa mpole, ila aliamini alichoambiwa na rika lake: mke akisema acha, anakuonyesha adabu zake. Nilipomsikia akinawa miguu nje jioni, nilijitafutia kazi jikoni. Nikawa nachelewa makusudi shambani nikichuma majani chai. Mama mkwe, aliyelitazama tumbo langu kuliko uso wangu, akatamka wazi: wimbi likivunwa bila dalili ya mtoto, nitarudishwa kwa baba. Wimbi lenyewe lilikuwa limeanza kubadilika rangi. Nikipita kando ya lile shamba, niliangalia chini.

Nikasingizia malaria, nikaenda zahanati ya misheni upande wa Nyamira, ambako sikujulikana. Muuguzi alikuwa Mgusii mwenzetu, mwanamke wa makamo.

"Una shida gani, mwanangu?"

Mambo ya chumbani huyasemi mbele ya mtu wa rika la mama yako. Ni aibu kubwa. Nikasema, "Ni kichwa tu, mama."

Akanitazama vizuri, akasogeza kiti karibu. "Haya, leo mimi si mama yako. Niite magokoro."

Magokoro ni bibi, na kwetu bibi anaambiwa lolote. Nikaangua kilio, nikamwambia yote.

Akaniuliza mwili ulijifunzia wapi kujikaza hivyo. Nikamsimulia asubuhi ya tohara yangu, maji baridi ya mto, mikono ya shangazi zangu, na onyo kwamba nikilia nitaaibisha ukoo.

"Ulifunzwa kujikaza. Kulegea pia kunafunzwa, mjukuu wangu. Hujarogwa. Lakini bila bwana yako sitaweza."

Nilitaka kukimbia. Nilikaa siku kadhaa kabla ya kumwambia mume wangu. Alikasirika, kisha akaja nami zahanati, akakaa pale na kofia magotini, hajui pa kutazama. Muuguzi akatueleza taratibu. Kwa sasa hakuna tendo. Ni mkono tu, begani, mgongoni, nami nivute pumzi polepole. "Na akisema acha, unaacha. Hata kama anacheka."

Mume wangu akauliza, kwa dhati kabisa, "Sasa nitajuaje kama anamaanisha?"

"Atakuwa amesema."

Tulirudi kwake mara nyingi. Wimbi likavunwa, tumbo langu tupu. Mama mkwe akasimama mlangoni kuuliza nguo zangu nitafunga lini. Mume wangu akamwambia, "Mama, haendi popote. Tunatibiwa sisi wote wawili." Mama mkwe alitutazama kama tuliopata wazimu pamoja, akaenda zake.

Sabato moja mchana, wengine wakiwa kanisani, mkono wa mume wangu ulikuwa begani mwangu. Nikasema acha. Hakuna kilichoniuma, nilitaka kujua tu. Kama angeendelea, nisingekuwa tena na neno lingine la kujikinga.

Akauondoa. Akauweka juu ya goti lake, akatulia, hakuuliza kwa nini. Nikakaa nikisikia pumzi yangu ikishuka mpaka tumboni. Bado niliogopa. Kisha nikauchukua ule mkono mimi mwenyewe, nikaurudisha.