Ndiyo ya Kaka Athumani

Kitunguu saumu kikichemka ndani ya mafuta ya nazi kina harufu yake, si ile ya mchuzi. Ni harufu nzito, ya kuungua kidogo, na mie kila nikiisikia naona kama mtu amenilaza mapajani na kunibana kichwa nisifurukute. Nilikuwa mdogo sana, nadhani meno ya utoto hayajaanza kung'oka, sikio langu la kushoto likawa linatoa usaha. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikaa Mtoni. Alichemsha dawa yake kwenye kijiko juu ya kaa la moto, akapima joto kwa kiwiko, akanimiminia. Basi sikio likaziba kabisa, dunia nzima ikahamia upande mmoja. Watu wakinisemesha kushoto nilikuwa nawatazama midomo. Bibi hakuwa na meno, kwa hiyo yeye nilikuwa namkosea kila mara. Anasema leta ungo, mie nampelekea ng'onda, samaki mkavu. Sikio lilipona, bibi akajisifu mpaka alipokufa, lakini ile tabia ya kutazama midomo haikuniacha. Marehemu mume wangu siku za mwanzo alidhani namwonea mahaba kila akizungumza. Nikamwacha adhani hivyo, hakuna aliyepata hasara.

Sasa mdomo nilioutazama kuliko midomo yote ni wa kaka yangu Athumani, mwaka ule alipokuwa akiufundisha Kiingereza. Tulikuwa tunakaa Temeke, na Temeke ya Mwingereza si hii. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, mapaa ya makuti na mengine ya madebe yaliyokunjuliwa, na katikati ya nyumba na nyumba kuna mikorosho na mihogo ya watu. Baba alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za wazungu na za makarani, na kwetu siku zote palinuka wanga uliochemshwa na mkaa wa pasi. Athumani alikuwa mtoto wa kwanza, mie wa pili, kisha wakaja mapacha. Mapacha walipozaliwa nikatolewa shule nikiwa darasa la pili, kumsaidia mama. Sikulia sana. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo ya mpera, na mapacha hawakuwa na fimbo.

Athumani yeye alifika darasa la kumi, katika shule ya serikali upande wa Chang'ombe, na mtaani kwetu hapakuwa na mwingine aliyefika huko. Kutoka la kumi kwenda la kumi na moja palikuwa na mtihani, na katika mitihani yote ule wa Kiingereza ndio uliowatupa watoto nje. Ukianguka, basi, unarudi kwenu. Pasi ya mkaa inakungoja. Ukipita unaendelea, unakuwa karani, labda mkalimani mahakamani. Baba alikwishawatangazia watu wote wa msikitini. Mama alikuwa akimwambia anyamaze, kitu bado hakijaiva unakipigia ngoma, na baba anajibu, "Mwanangu anasema Kiingereza hata usingizini, mnataka nifiche nini?" Nakumbuka hofu ya mama kuliko furaha ya baba. Alikuwa akiokota nywele za Athumani baada ya kunyolewa na kuzichoma, asije mtu akazichukua.

Wanafunzi wenyewe waliupa mtihani huo majina mawili. Kulikuwa na mtihani wa jicho, unapewa habari iliyoandikwa, unaisoma kimyakimya na kujibu maswali. Na kulikuwa na mtihani wa sikio. Huo ndio ulioogopwa. Mkaguzi wa Kizungu anasimama mbele, anasoma hadithi kwa mdomo wake, haraka kama mtu anayetema kokwa, kisha anauliza. Jicho unaweza kulirudisha nyuma. Sikio likikosa limekosa. Athumani hakuwa na mtu wa kumsomea nyumbani, kwa hiyo alinishika mie, wa darasa la pili. Mie nilisoma kama herufi zilivyo, Kiswahili kitupu. Palipoandikwa neno la jina nilisoma "na-me". Palipoandikwa neno la wakati nilisoma "ti-me". Athumani akajiviringisha mkekani kwa kucheka. "Mwaju, mkaguzi akikusikia anapanda meli jioni hiihii." Kisha anaisoma mwenyewe, midomo anaivuta na kuikunja kama mtu aliyeng'atwa na nyuki, nami namtazama na kumwigiza mpaka mama anatufukuza, tunawaamsha watoto.

Alipoona mie sifai, akaanza kwenda dukani kwa Mzee Nasoro. Huyu alikuwa Mwarabu, amezaliwa hapahapa, baba yake kazikwa hapahapa, na alikuwa na redio ya betri kubwa kama sanduku la chai. Ikikoroma aliipiga kofi, ikaendelea. Saa ya habari za Kiingereza Athumani alisimama pale, mikono nyuma, macho kayafumba. Mzee Nasoro hakuacha kumchokoza. "Karibu, Mngereza wa Temeke! Leo kasema nini mjomba wako?" Athumani anamwamkia shikamoo, anamfasiria habari yote, watu waliokuja kununua mafuta ya taa wanakusanyika kusikiliza. Hapo ndipo uzito ulipoanza, ingawa hatukuujua. Wakati ule watu wakisimama kundi hawakosi mtu wa kuwatazama. Akaanza kuonekana bwana mmoja mgeni kwenye kahawa ya mbele ya duka, mwenye kanzu safi mno na viatu vya kufunga kamba. Anakunywa kahawa polepole, hasemi na mtu. Baba alipiga pasi kanzu maisha yake yote, alimtazama mara moja akasema, "Kanzu ile haina jasho la mwenyewe. Askari kanzu huyo." Mama akamkataza Athumani kwenda dukani. Athumani akaenda.

Wiki hiyohiyo ikavuma habari kwamba kule shuleni kabati linalofungiwa mitihani limekutwa wazi. Wengine walisema limevunjwa, wengine walisema limefunguliwa kwa ufunguo. Hakuna aliyejua kama karatasi zimetoka. Mtihani ukafanywa vilevile. Mkaguzi akawasomea hadithi ya mtu aliyepotea kwenye theluji. Jioni Athumani akatueleza theluji ni nini, mvua inayoanguka kama unga, inafunika nyumba. Mama akasema, "Unga wa bure, na watu wanapotea humo? Si wangechota?" Tulicheka sana. Nasema tulicheka, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho ninayoikumbuka sisi sote kucheka kwa pamoja.

Siku chache baadaye Athumani aliitwa ofisini kwa mkubwa wa shule, peke yake, kusemeshwa na mkaguzi. Alirudi anarukaruka. Alisema mkaguzi amemsifu, alama zake za jicho na sikio zimezidi za wote, kisha amemuuliza maswali mawili mepesi kama maji, naye amejibu, "Yesi, sa," kwa adabu na kwa sauti. Mzungu akavua miwani, akamtazama sana, akamshukuru. Baba akatoka na pasi mkononi kuwatangazia majirani. Mama akaanza kuchambua mchele.

Alasiri akaingia Mwalimu Elia. Huyu ndiye aliyewafundisha Kiingereza, mtu wa bara, mke na watoto kawaacha Songea. Nguo zake alifuliwa na baba, kwa hiyo tulimjua. Siku hiyo alikataa mkeka, akakataa maji. Akasema, "Athumani, mkaguzi alikuuliza nini? Neno kwa neno."

"Aliniuliza, hukupata kuiona habari hii kabla ya siku ya mtihani?"

"Ukajibu?"

"Yesi, sa."

"Ukasema yesi, kisha ukasema sikuiona?"

"Yesi tu, mwalimu. Akaniuliza tena, hakuna mtu aliyekuonyesha? Nikasema yesi, sa. Mara ya pili nilikaza sauti, nikaona kama hakusikia."

Mwalimu Elia akakaa chini, mavumbini, na suruali yake nyeupe. Nilishangaa suruali kwanza. Akasema, "Umekiri, mwanangu."

"Kakiri nini?" baba akauliza. "Kaulizwa hukuiona, kasema ndiyo. Ndiyo, sikuiona. Sasa kosa liko wapi?"

"Kwetu ndiyo hivyo, mzee. Kwao hapo unajibu no. Ukisema yesi, umesema niliiona. Ukisema yesi mara ya pili, kuna mtu alikuonyesha."

Baba akasimama na pasi yake mpaka ikaanza kuunguza kitambaa cha meza. "Basi huyo mzungu hajui kuuliza!" akasema. Na mie mpaka leo naona baba alikuwa na haki. Mtu akikuuliza hujala, nawe hujala, utasemaje? Utasema ndiyo, sijala. Umekubaliana na maneno yake. Ndivyo tulivyonyonya. Athumani alijua maneno ya Kiingereza mpaka ya theluji, lakini ile "ndiyo" yetu ilikaa chini zaidi ya maneno yote, mahali ambapo hakuna mwalimu aliyefika.

Athumani alisema kesho asubuhi atakwenda kumweleza mkaguzi. Mwalimu akatikisa kichwa. "Utamweleza nini? Ukisema hukuelewa swali, atakuuliza, mtu asiyeelewa swali jepesi vile alama zile alizipataje? Ukisema ulielewa, ndiyo yako inasimama palepale." Kisha akasema kwa sauti ya chini, anachora mavumbi kwa kidole, "Kesho hawatakuuliza tena kama uliiona. Watataka jina la aliyekuonyesha. Na ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi." Athumani akasema, "Lakini hukunionyesha, mwalimu." Mwalimu akasema, "Ndiyo, sikukuonyesha." Wakatazamana. Hata yeye ilimtoka hivyohivyo. Akajipangusa suruali akaondoka, na alipotoka nje yule bwana wa kanzu safi alikuwa kahamia kwenye ngazi ya nyumba ya jirani, kikombe mkononi.

Mama hakuupika ule mchele. Baba alichukua sare ya Athumani, shati na kaptura, akaitia wanga, akaipiga pasi, akaikunjua, akaipiga tena. Alikuwa akimfundisha huku anapiga, yeye asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji: "Sema no. Akiuliza lolote, sema no." Athumani akamwambia taratibu, "Baba, yako maswali mengine nikisema no ndiyo nimekwisha." Nilimwonea huruma baba kuliko Athumani, kwa kuwa Athumani angalau alijua mtego umekaaje.

Siku hizi mjukuu wangu yuko sekondari. Mtihani wake wa kusikiliza unatoka kwenye simu, anauweka sikioni amelala chali kitandani, anakula karanga. Akikosa anarudia, simu haimwoni, haivui miwani, haina mtu wa kanzu nje. Nafurahi kwa ajili yake, sisemi uongo. Lakini kuna kitu nimekigundua. Nikimuuliza, "Hujala, mjukuu wangu?" ananijibu, "Hapana, sijala." Anasema hapana! Na wenzake wote ndivyo wanavyojibu, na watangazaji wa redio pia, wala hakuna aliyewachapa wala kuwafukuza ili wajue. Imewaingia tu, kama vumbi linavyoingia ndani ya kabati lililofungwa. Kila akinijibu hivyo nahesabu moyoni jinsi neno dogo lile lingemtosha mtu mmoja, mwaka ule. Kisha nampakulia chakula. Yeye hajui nimekawia kwa nini.

Asubuhi ile Athumani alivaa sare yake, imekauka kwa wanga mpaka inalia akitembea. Hakunywa uji. Baba alikuwa uani, amewapa watu mgongo, anapepea mkaa ambao ulikuwa umekwishawaka. Mie nilikuwa na pacha mmoja kiunoni, mama na mwingine. Mama akamsindikiza mpaka mlangoni, akamnyoosha kola isiyohitaji kunyooshwa, akamuuliza, "Hutachelewa kurudi, baba?"

Athumani akasimama. Swali la mama tu, la kila siku, na kila siku alikuwa akilijibu hata kabla halijaisha. Alilifikiria. Alimtazama mama kama mtu aliyesomewa kitu kirefu akaambiwa achague. Kisha akamshika mama mkono, akauachia, akashuka barazani bila kujibu. Tulimtazama akipita kwenye mikorosho. Pale njia inapogawanyika, ya shule inakata kwenda Chang'ombe, na nyingine inashuka kutafuta barabara ya Kilwa. Mama akasema, "Huyo anapitia wapi?" Alikuwa ameshika ya Kilwa, hakimbii, hageuki, mikono nyuma kama alivyokuwa akisimama kusikiliza. Tukangoja ageuke. Hatukumwona tena.